Mficha Uchi Hazai: Kifafa, Mimba na Stara

"Mficha uchi hazai," walisema wahenga. Siku hizi methali hii twaitumia katika biashara, katika mashauri na katika madeni, kwa kumwonya mtu anayeona haya kueleza shida yake. Lakini pahali pake hasa ni chumba cha uzazi, na maana yake ya kwanza ni ile ile ya maneno yake: mwanamke akimwonea haya mkunga, mtoto hatoki. Liko kundi moja la kina mama ambao hadi leo methali hii yawahusu neno kwa neno. Nao ni wale wenye maradhi ya kifafa, wanaoolewa, wakashika mimba na wakazaa, huku maradhi yao wameyafunga kifuani. Wakitibiwa, wengi wao huzaa watoto wazima na wakawalea. Wakificha, huenda wakaangamia wao na vitoto vyao, na mara nyingi kinachowaangamiza si mimba wala si kifafa chenyewe. Ni ile siri.

Katika makala haya tutamfuata mama wa namna hiyo tangu kuposwa kwake hata atoke arubaini. Nasi tutaanzia bara kidogo, huko Kasikeu.

Msomaji aliyewahi kupanda basi la Nairobi kutoka Mombasa amepita mlangoni mwa Kasikeu, pengine akiwa usingizini. Ukishapita Mtito Andei, Kibwezi, Makindu na Emali, wafika mji mdogo wa Sultan Hamud, uliopewa jina la Sayyid Hamud bin Muhammed, aliyetawala Unguja kuanzia mwaka 1896 hadi 1902, zama za kujengwa reli. Mji huo pamoja na vijiji vilivyo karibu nao ndiyo Kasikeu, katika Kaunti ya Makueni. Ni nchi ya Wakamba, nchi ya mbaazi, pojo na maembe, na mvua ya kubahatisha. Mito yake aghalabu ni mchanga mtupu, na kina mama huufukua mchanga huo wapate maji ya kunywa.

Twaitaja Kasikeu kwa sababu mbili. Ya kwanza, mambo yanayomhatarisha mwenye kifafa huko ni ya kazi za kila siku, nayo hata pwani hayakukosekana: moto wa mafiga, kisima, na safari ya kufika hospitali. Ya pili, mila za watu wa huko si zetu, ila siri yao ni yetu hasa. Mgonjwa wa namna hii Ukambani huenda akapigiwa ngoma ya kilumi ili mizimu itulie. Wa kwetu hupungwa pepo, au huandikiwa kombe la zafarani. Mama wa Kasikeu na mama wa Kilifi wakikaa kiti kimoja ndani ya basi, kila mmoja atakijua anachokificha mwenzake bila ya kuambiwa.

MARADHI YA UBONGO

Tuseme kwanza kifafa ni nini. Ni maradhi ya ubongo. Ubongo wa mwanadamu hufanya kazi kwa nguvu ndogo ndogo mfano wa umeme. Nguvu hizo zikivurugika ghafla, mwili hukakamaa na kutikisika, mtu akaanguka na kupoteza fahamu. Wako na wengine ambao hukodoa macho tu kwa muda mfupi, kisha wakarudi walikokuwa. Hayaambukizi kwa mate wala kwa kugusana. Haya si maneno ya Wazungu wa leo peke yao. Ibn Sina, katika kitabu chake cha Qanun, yapata miaka elfu moja iliyopita, aliyaweka maradhi haya pamoja na maradhi ya kichwa.

Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 ulimwenguni wana kifafa, na karibu 8 katika kila 10 kati yao wako katika nchi zenye kipato cha chini na cha wastani, kama hizi zetu. Shirika hilo hilo lasema kwamba hadi 7 katika kila 10 wangeweza kuishi bila ya kuanguka, lau wangepimwa na kutibiwa sawasawa. Hata hivyo wengi hawatibiwi. Huko Kilifi, ambako kituo cha utafiti cha KEMRI kimekuwako tangu mwaka 1989, watafiti waliwachunguza wenye kifafa wa vijijini, wakaona kwamba zaidi ya nusu yao hawakuwa wakipata dawa inavyopasa.

Wala si kwamba dawa yenyewe ni adimu au ni ya ajabu. Fenobabitali yatumika tangu mwaka 1912, na bei yake ni ndogo. Mwaka 1991 yalichapishwa matokeo ya kazi iliyofanywa Nakuru, ambapo watu 302 wenye kifafa walitibiwa, wengine kwa fenobabitali na wengine kwa kabamazepini. Katika miezi 6 ya mwisho ya mwaka wa matibabu, zaidi ya nusu ya walioendelea na dawa hawakuanguka hata mara moja. Hao walikuwa watu wa mashambani, na waliotibiwa kwa vidonge vya kawaida.

SIKU YA KUPOSWA

Sasa tumfanyie mfano msichana mmoja wa Kasikeu. Hatutampa jina, kwa kuwa yeye ni wengi. Alianza kuanguka utotoni, akapelekwa huku na huku, mwishowe akaandikiwa vidonge katika zahanati, na kuanguka kukapungua. Akapata mchumba. Hapo wakubwa wa nyumba wakamwita chumbani wakamwambia: "Usiseme. Ukisema huolewi." Naye akaenda kwa mumewe na vidonge vyake vimefichwa ndani ya mkebe wa unga.

Tusiwalaumu wazee hao haraka. Siri hii haikuanzia kwao. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1937 ilimruhusu mtu kuomba mahakamani ndoa yake ivunjwe kwa kuwa mwenzake alikuwa na kifafa siku ya kuoana, naye asijue. Kenya chini ya mkoloni ilipata sheria ya mfano huo, na Tanzania ilipoandika Sheria yake ya Ndoa mwaka 1971, kifafa kikatajwa humo sambamba na wazimu. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 ndiyo iliyokiacha nje. Sheria ikibadilika Nairobi, lakini, maneno ya kisimani hayabadiliki siku hiyo hiyo.

Na yako mambo mazito kuliko sheria. Daktari mmoja mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alifungua kliniki ya kifafa huko Mahenge, Tanzania, mnamo mwaka 1960. Aliwakuta wagonjwa wenye makovu makubwa ya moto. Watu waliogopa mate ya mgonjwa, wakaamini kwamba akiguswa wakati ameanguka maradhi yatamrukia mwenye kumgusa. Basi mtu akiangukia mafiga, waliokuwapo walisita kumvuta. Mwanamke akiyajua hayo, atawezaje kuitangaza hali yake siku ya posa?

Liko na swali jingine ambalo wazazi wa mume huliuliza moyoni: je, mtoto hatarithi? Jibu la madaktari ni kwamba wengi mno wa watoto wa mama mwenye kifafa, zaidi ya 9 katika kila 10, hawakipati. Kisha liko jambo lililodhihirishwa na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013, uliofanywa katika sehemu tano za Afrika, miongoni mwake Kilifi, Ifakara ya Tanzania na Iganga ya Uganda. Walioanza kuanguka utotoni, mara nyingi walikuwa watoto waliopata taabu wakati wa kuzaliwa: uchungu uliokawia, mtoto aliyechelewa kulia, kichwa kilichobanwa. Malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo na majeraha ya kichwa nayo yana sehemu yao.

Hebu tulipime hilo. Familia yaogopa damu ya mama, kwa hofu hiyo mama aficha, kwa kuficha azalia nyumbani pasipo mkunga wa hospitali, na uzazi ule ule mbaya ndio uwezao kumtia mtoto kifafa. Kisha watu husema, "Si tulijua? Amerithi kwa mamake."

VIDONGE NDANI YA MKEBE

Mke yule akashika mimba. Hapa ndipo hatari kubwa ya kwanza inapomkabili, nayo ni uamuzi anaoufanya peke yake, bila ya kumwuliza mtu: huacha dawa. Huziacha kwa kuwa mavyaa yake sasa yu karibu naye mchana kutwa na ataviona vidonge. Huziacha kwa kuwa asubuhi atapika kila kinachoingia tumboni. Na huziacha zaidi kwa kuwa amesikia kwamba dawa za kifafa humlemaza mtoto.

Hilo la mwisho lina ukweli ndani yake, na ukweli wa nusu wadhuru kuliko uongo. Tulieleze lote. Katika kila watoto 100 wanaozaliwa na kina mama wa kawaida, 2 au 3 huzaliwa na dosari kubwa ya kiungo. Mwaka 2018 madaktari waliokusanya habari za waja wazito wengi wenye kifafa kutoka nchi mbalimbali walitoa hesabu yao. Kwa waliotumia lamotrijini au levetirasetamu, dosari zilikuwa karibu 3 katika 100, yaani sawa na watu wengine. Kwa kabamazepini zilikuwa kama 5 au 6. Kwa fenobabitali, kama 6 au 7. Bali kwa dawa iitwayo valproeti zilifika 10. Tena valproeti huathiri akili ya mtoto: kati ya watoto 10 walioipata tumboni, 3 au 4 huchelewa kusema, kutembea au kusoma.

Kwa ajili ya dawa hiyo, Ufaransa kina mama waliungana kuanzia mwaka 2011 kudai haki za watoto wao, na Uingereza ripoti ya mwaka 2020 ilieleza jinsi wanawake walivyoandikiwa miaka na miaka bila ya kuonywa. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba valproeti isiandikiwe wasichana na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Basi ni haki ya kila mwanamke mwenye kifafa kuuliza: "Daktari, dawa hii yaitwaje?" Kama ni valproeti, na aulize kama yaweza kubadilishwa. Ila mabadiliko hayo yafanywe na daktari, polepole, na bora kabla ya mimba.

Maana nusu ya pili ya ukweli ni hii: kuacha dawa ghafla ni hatari kuliko karibu dawa yoyote katika hizo. Mwili uliozoea fenobabitali, ukinyimwa ghafla, waweza kuingia katika kifafa kisichokatika, kifafa juu ya kifafa, na mama na mtoto wakakosa pumzi pamoja. Mja mzito akianguka peke yake, huanguka na tumbo lake. Akiangukia mafiga, au akiinama katika shimo la maji mchangani pasipo mwenzake, hapana atakayejua hata jua lichwe.

Yako matano ambayo mama huyu angeambiwa, lau angesema. Kwanza, ameze asidi ya foliki tangu kabla ya mimba, na daktari ndiye atakayempimia kiasi, kwani baadhi ya dawa za kifafa huipunguza mwilini. Mbaazi, kunde na mchicha, ambavyo Ukambani na pwani vyote viko, vina foliki nyingi, ila havitoshi peke yake. Pili, mwili ukijaa maji ya mimba, dawa nyingine hupungua nguvu katika damu, kwa hivyo huenda kipimo kikahitaji kuongezwa. Tatu, akitapika muda mfupi baada ya kumeza, amwambie mwuguzi, asiamue mwenyewe. Nne, yule aliyekaa miezi 9 au zaidi bila ya kuanguka kabla ya kushika mimba, ana matumaini makubwa ya kuimaliza mimba yake vivyo hivyo. Basi mimba isubiri maradhi yatulie. Na tano, katika kusubiri huko ajue kwamba kabamazepini, fenobabitali na fenitoini huvunja nguvu za vidonge na vipandikizi vya kupanga uzazi. Wako waliodhani wamejikinga, kumbe hawakujikinga.

Kwa wasomaji wetu kuna jambo la Ramadhani. Mgonjwa ana rukhsa katika Kitabu, na mafakihi wamempa rukhsa mja mzito anayeihofia nafsi yake au mtoto wake. Habari ya kulipa au kutoa fidia aulizwe sheikh. Mwenye kifafa akishinda na njaa, akakesha usiku na akaruka vidonge, amekusanya mambo matatu yanayochokoza maradhi yake. Na kama daktari amemruhusu kufunga, fenobabitali humezwa mara moja kwa siku, basi yaingia katika saa za usiku pasipo taabu. Muhimu ni kwamba saa hiyo ipangwe na daktari, isipangwe na haya.

SIKU YA UCHUNGU

Hapa lugha yetu tamu yatuponza. Kiswahili kimeyapa maradhi mawili jina moja. Kiko kifafa, na kiko kifafa cha mimba. Asiyejua hudhani kwamba cha pili ni kile cha kwanza, kimemkuta mwanamke akiwa mja mzito. Sivyo hata kidogo.

Kifafa cha mimba humpata mwanamke ambaye pengine hajaanguka maisha yake yote. Huja mimba ikishapita miezi mitano, au wakati wa uchungu, au katika siku za baada ya kuzaa. Hutanguliwa na presha kupanda. Uso na mikono huvimba, kichwa huuma kwa nguvu, macho huona ukungu, maumivu hushika chini ya mbavu, na mkojo ukipimwa huwa na protini. Dawa yake ni sindano ya magnesiamu salfeti, kushusha presha, na kumzalisha mama. Mwaka 1995 yalitoka matokeo ya uchunguzi wa wanawake 1,687 wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, nayo yalimaliza ubishi: magnesiamu salfeti ilizuia kuanguka tena kuliko valiamu, na kuliko fenitoini, ambayo ni dawa ya kifafa cha kawaida. Kwa hivyo maradhi haya mawili si ndugu, wala dawa zao si moja.

Sasa mrudie mama wetu wa Kasikeu. Uchungu umemshika usiku, ameletwa kwa bodaboda, ameandamana na mavyaa asiyejua lolote. Hajameza dawa kwa miezi, hajalala kwa siku mbili. Anaanguka mbele ya mwuguzi. Mwuguzi atamtibu kama mwenye kifafa cha mimba, naye atakuwa amefanya haki, maana hicho ndicho kiuacho upesi, na ubishi hauna nafasi saa ile. Lakini akipima presha akaiona ya kawaida, na mkojo akauona safi, atauliza: "Huyu alikuwa akianguka zamani?" Mavyaa atajibu, kwa ukweli wake, "La." Mgonjwa mwenyewe hana fahamu. Basi dawa anayoihitaji hatapewa, kwa kuwa mwenye kuijua ni yeye tu.

Na kosa la pili ni kinyume cha hilo, nalo huua zaidi. Yuko mama ambaye jamaa zake wanajua kwamba ana kifafa. Mwezi wa nane akaanguka. Wakasema, "Ni kile kile chake, kitapita," wakamlaza kitandani wakangoja asubuhi. Kumbe safari hii ni kifafa cha mimba, maana mwenye kifafa hakupewa kinga ya kutopata hicho kingine. Kanuni ni moja: mja mzito yeyote akianguka, awe ana kifafa au hana, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, apimwe presha na mkojo, na mwenye kujua habari zake aseme zote.

Mwanamke mwenye kifafa aliyetunzwa vyema huzaa kwa njia ya kawaida kama wenzake. Kifafa peke yake si sababu ya kupasuliwa. Wenye kuanguka katika uchungu ni wachache, kama 1 au 2 katika kila 100 huko kwenye matibabu kamili. Ila azalie hospitali, aende na dawa zake mkononi, azimeze kwa saa zake hata katika uchungu. Mtoto akizaliwa apewe sindano ya vitamini K, kwani baadhi ya dawa hizi huweza kuifanya damu ya kichanga isigande upesi.

Gharama ilikuwa udhuru zamani. Tangu Juni 2013 serikali ya Kenya ilitangaza uzazi wa bure katika hospitali za umma, na mwaka 2016 Makueni ilianzisha mpango wake, ambapo nyumba ilitoa shilingi 500 kwa mwaka ikatibiwa. Mipango hubadilika majina na masharti, na kuna kazi bado. Lakini hapana kadi ya bima inayoweza kumlipia mtu siri yake.

ARUBAINI

Mama akishajifungua salama, watu hudhani hatari imekwisha. Kwa mwenye kifafa, siku za mwanzo ni za kuangaliwa sana, na sababu yake ni usingizi. Kukosa usingizi huchokoza kifafa kuliko mambo mengi, na kichanga hakina usiku.

Hapa mila yetu ya pwani ina dawa ambayo haipatikani dukani. Mzazi hukaa arubaini, akahudumiwa na mamake au mkunga, asipike, asichote maji, asibebe. Mila hii kwa mama mwenye kifafa si starehe, ni tiba. Yuko mwengine ambaranishe usiku naye, ambebe mtoto baada ya kunyonya, mama alale saa zake. Hata huko Ukambani, ambako mzazi huenda akarudi shambani upesi, nyumba inayojua hali yake ingeweza kumpangia hivyo. Nyumba isiyojua haiwezi.

Na anyonyeshe. Maziwa ya mama anayetumia dawa za kifafa kwa kawaida hayakatazwi. Kama ni fenobabitali, amwangalie mtoto asilale mno hata akasahau kunyonya, na akiona hivyo amwambie daktari. Anyonyeshe akiwa ameketi chini juu ya mkeka au godoro, ameegemea ukuta, ili akianguka mtoto asianguke kutoka juu. Asimwogeshe mtoto katika beseni akiwa peke yake. Asimfunge mgongoni akiwa mekoni. Kipimo cha dawa kilichoongezwa wakati wa mimba huenda kikahitaji kupunguzwa sasa, basi arudi kliniki.

STARA SI SIRI

Wako watakaosema kwamba mwanamke wa heshima hatangazi maradhi yake, na kwamba tunawafundisha wanawake kuivunja stara. Hao tuwajibu kwa hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim. Ibn Abbas alimwonyesha Ata bin Abi Rabah mwanamke mmoja mweusi, akamwambia kwamba huyo ni katika watu wa Peponi. Mwanamke huyo alikuwa amemwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akamweleza kwamba yeye huanguka kifafa, na akianguka hufunuka mwili, akaomba aombewe. Mtume akampa hiari: asubiri apate Pepo, au amwombee apone. Akachagua subira, ila akaomba jambo moja, kwamba asifunuke. Akaombewa.

Tuyatazame yaliyomo. Mwanamke huyu hakuificha hali yake kwa aliyeweza kumsaidia. Aliitaja waziwazi, na khabari zake zikapokewa na wanavyuoni hata zikatufikia sisi. Hakuna aliyemwambia ana jini la aibu akae ndani. Alichoogopa ni kufunuka, na stara ndiyo aliyoiomba. Stara ni kumfunika mtu asidhalilike. Siri ni kumwacha peke yake na hatari yake. Hayo mawili tumeyachanganya kama tulivyochanganya kifafa na kifafa cha mimba. Wala subira yake isifanywe hoja ya kuacha dawa, kwani Mtume mwenyewe ameamrisha watu wajitibu. Anayetaka kombe na alinywe, ila vidonge asiviache.

Basi mwenye kumwona mama ameanguka, na amfanyie stara hivi. Amwondoe karibu na moto na maji. Amlaze kwa ubavu, na mja mzito alazwe ubavu wa kushoto. Amfunike kanga. Asimtie kijiko mdomoni, asimnyweshe maji, asimkandamize. Aangalie saa: ikipita dakika 5 hajatulia, au akianguka tena kabla hajazindukana, hospitali. Na kama ni mja mzito, hospitali kwa vyovyote.

Nao wauguzi wetu wa kliniki za waja wazito wana sehemu yao. Mwanamke hatasema mbele ya foleni ya watu thelathini. Aulizwe faraghani, kwa sauti ya chini, kama aulizwavyo dada: "Umewahi kuanguka?" Akisema ndiyo, iandikwe katika kitabu chake cha kliniki pamoja na jina la dawa yake, ili usiku wa uchungu kitabu kiseme naye hana fahamu. Wenye kutaka msaada zaidi Kenya wana chama cha KAWE, kilichoanzishwa mwaka 1982 kwa ajili ya watu wenye kifafa.

Mwisho ni wewe mavyaa, uwe Kasikeu unaitwa mwaitu, au uwe Kilifi, Lamu au Mombasa. Mke wa mwanao anakuogopa wewe kuliko anavyoyaogopa maradhi. Ni kwa ajili yako vidonge vimo ndani ya mkebe wa unga. Siku utakapoviona, usiite watu. Vitoe, vifute, uviweke mahali pa wazi karibu na maji ya kunywa, na kila jioni umwulize, "Mwanangu, umemeza dawa yako?"